Anko, besi niliyonunua kwa mjane laki tatu na nusu, kumbe ni ya mamilioni

Shikamoo Anko. Jina langu usiliweke tafadhali, andika tu Mpiga Besi wa Tabata, ingawa wanaonijua wakisoma hapa watanijua tu, haina shida.

Mimi ni mwanaume wa miaka 39, nimeoa, tuna watoto wawili, natunza stoo ya kampuni ya vifaa vya umeme hapa Dar. Muziki sio kazi yangu. Napiga gitaa la besi kwaya ya kanisani, na Jumamosi moja moja tunakutana washkaji watano tunapiga zilipendwa kwenye baa ya jamaa, malipo yenyewe supu na nauli, siku ikichangamka tunatunzwa buku buku basi tunarudi nyumbani tunajiona mastaa.

Tatizo langu la kwanza (waifu ndo anaita tatizo) ni kununua na kuuza magitaa. Nilianza 2014 na besi ya Kichina isiyo na jina, laki na themanini, freti (vile vyuma vya kwenye shingo) zimepanda kama ngazi ya msikitini, ukibonyeza huku inalia kule. Nikaiuza nikachukua Yamaha TRBX ya mkononi laki tano na nusu, nikaiuza laki nne na themanini maana nilishikwa na wazimu wa nyuzi tano, nikachukua Ibanez ya nyuzi tano, nikagundua mkono wangu unapotea kwenye ule uzi wa tano mnene, nikaiuza tena. Katikati hapo kuna nyingine tatu nne sizitaji. Nimejifunza mwenyewe kunyoosha shingo, kupanga nyuzi, kubadili pikapu (zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) na kuchomea waya. Nanunua mbovu, natengeneza, nauza. Faida ipo kidogo, hasara ipo pia, ila hasara huwa simwambii mtu.

Sasa mwaka jana mwezi wa tisa fundi spika mmoja wa Kariakoo akaniambia kuna mama Magomeni, mumewe alikuwa mpiga besi wa dansi zamani hizo, amefariki 2021, gitaa lipo uvunguni, mama anataka kuliuza. Nikaenda Jumapili baada ya ibada. Mama mtu mzima, mstaarabu, akanikaribisha chai na vitumbua, akanieleza habari za mzee mpaka nikasahau kilichonileta. Halafu akalitoa limeviringishwa kwenye kitenge. Anko, limepakwa rangi nyeusi ya geti kwa brashi, unaziona mpaka alama za brashi, jina kwenye kichwa limekwanguliwa, nyuzi nyeusi tii kama za karne iliyopita, soketi imelegea. Nikalishika. Lilikuwa zito, yaani zito la kueleweka, nikajua hili sio la Kichina. Nikakunja uso kama mtu anayeona mzigo wa hasara. Akaniuliza, "Utatoa ngapi mwanangu?" Nikasema laki tatu. Akacheka, akasema ongeza hamsini nimnunulie mjukuu sare za shule. Nikatoa laki tatu na hamsini taslimu, nikapanda nalo bodaboda kitenge na kitenge.

Nyumbani nikamwambia waifu nimenunua laki na nusu. Najua, najua.

Nilivyoanza kulitengeneza ndo nikachanganyikiwa. Shingo ilikuwa imepinda, na chuma cha kunyooshea kipo upande wa bodi, kwa hiyo lazima ufungue skrubu nne uichomoe shingo nzima. Ile bamba ya nyuma inayoshika skrubu, nikaisugua rangi, ikatokea namba ya tarakimu sita. Nikafungua plastiki ya mbele, vile vidude vya volyumu na toni vina namba zinazoanza na 13773. Nikakesha siku mbili mtandaoni. Kila kitu kinasema ni Precision, besi ya kampuni ya Fender ya Marekani, ya mwaka 1973 au karibu na hapo. Nyuma ya kichwa, nilivyokwangua rangi kidogo, kulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, MALI YA, halafu mengine yamesuguliwa na msasa hayasomeki. Sikujali sana.

Nikalifunga vizuri, nikaweka nyuzi mpya, zile za zamani nikazikunja nikaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga maana sikuwa na moyo wa kuzitupa, sijui kwa nini. Anko, nilivyolipiga kanisani mwalimu wa kwaya aligeuka akaniangalia. Miaka kumi napiga pale hajawahi kugeuka.

Kosa langu nikapiga picha nikazirusha mtandaoni kujishaua kidogo. Baada ya wiki jamaa wa Uholanzi akanitumia mesej, anatoa dola 2,200. Hiyo kwa hesabu za siku ile ni zaidi ya milioni tano. Mke wangu akaiona ile mesej kwenye simu. Kwanza akauliza hii ya laki na nusu ndo ya milioni tano? Halafu hakunigombeza, Anko, hapo ndo palipoumiza, akasema tu, "Baba Junia, mabati ni milioni nne." Tuna nyumba Chanika imefika lenta tangu 2022, mvua mbili zimeshainyeshea, na kodi ya Tabata tunalipa kila miezi sita.

Ningekuwa nimeshauza. Ila yule mama hajaniacha. Ananipigia kila baada ya wiki mbili tatu kunisalimia tu, "Mwanangu, umeshalipiga? Linalia?" Juzi kaniambia siku moja niende nalo nikampigie hata dakika tano alisikie, na akanitajia kwamba yule mjukuu kafaulu ila hajui ataendaje bweni. Nilikata simu nikakaa stoo nusu saa siwezi kufanya kazi.

Mimi sikumuibia. Bei alikubali mwenyewe, na sikujua ni la thamani. Nikimwambia ukweli atataka nilirudishe, au watoto wake watakuja juu, nakosa gitaa, nakosa mabati, na mke wangu ataniona mjinga wa mwisho. Nisipomwambia siwezi kwenda kumpigia, nitashindwa kumwangalia. Na ukweli wenyewe wa ndani kabisa ni kwamba sitaki kuliuza kwa mtu yeyote. Mke wangu hana moyo wa muziki hilo hawezi kulielewa. Nifanyeje Anko?

Mpiga Besi wa Tabata

ANKO ANAJIBU

Marahaba mjomba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikamsomea rafiki yangu mmoja ambaye ni fundi wa magitaa, maana mimi kwenye muziki niliishia kupiga manyanga shule ya msingi. Kwa hiyo yale ya kitaalamu utakayoyaona humu ni yake, ya moyo ni yangu, tukikosea tugawane lawama.

Nikikuelewa vizuri, una gitaa moja na watu watatu wanalitaka kila mmoja kwa namna yake. Mama wa Magomeni anataka kulisikia. Mama Junia anataka liwe mabati. Wewe unataka libaki begani kwako. Yule Mholanzi simhesabu, yeye ni mesej tu mpaka sasa. Na katikati hapo kuna kitu hujakipa jina ila ndicho kilichokukalisha stoo nusu saa, kwamba ulitoka kwa mama wa watu na kitu chake, na kila akikupigia simu anakusalimia vizuri.

Tuanze na hela, maana naona milioni tano tayari umeshazipeleka Chanika kichwani na bado hazipo. Rafiki yangu anasema hiyo 137 ni namba ya kiwanda kilichotengeneza hivyo vidude vya volyumu, kinaitwa CTS, 73 ni mwaka, na tarakimu mbili zinazofuata ni wiki. Sasa hiyo inakwambia kidude kilitengenezwa lini, haikwambii gitaa. Gitaa lenyewe lilifungwa baadaye, au fundi yeyote miaka ya themanini alikitoa kwenye gitaa jingine akakichomea humo, si unajua mafundi wetu hawatupi kitu. Bamba ya tarakimu sita nayo inaendana na miaka hiyo, maana mpaka 1976 Fender walikuwa wanaweka namba pale nyuma ndo baadaye ikahamia kichwani, lakini bamba ni skrubu nne tu, inahama kama kitasa cha mlango. Ulipochomoa shingo uliangalia kisigino chake, pale inapoingia kwenye bodi? Huwa wanapiga muhuri pale. Na yale matundu ya skrubu ni ya asili au yametobolewa upya? Nyaya ulizozikuta ni za zamani au kuna sehemu zimechomewa juzi? Shingo ya mwaka mmoja, bodi ya mwaka mwingine na pikapu ya Kichina bado ni gitaa, na linaweza kulia vizuri tu, ila sio kile anacholipia mkusanyaji.

Halafu kuna hiyo rangi ya geti. Wakusanyaji wa vitu hivi wana ugonjwa wao, gitaa lililopakwa rangi upya wengi wanalikata karibu nusu ya bei hata kama limepakwa na fundi bingwa, sembuse brashi. Jina kukwanguliwa ni kasoro nyingine. Kwa hiyo mtu anayetoa dola 2,200 kwa picha za simu, bila kuomba aone ndani, ama anajua kitu ambacho wewe hukijui, ama hajaangalia vizuri na likifika atalia, ama hana hela kabisa. Mchezo wa mnunuzi wa mbali unaujua, anakutumia karatasi kwamba kalipa, au analipa kweli halafu mzigo ukifika anadai sio wenyewe hela zinarudishwa, wewe huku umebaki na risiti ya usafiri. Wapo wakweli pia, nisiwapake matope. Ila kabla hujamtajia mama Junia habari ya mabati tena, muombe huyo bwana aseme anataka picha za wapi. Mnunuzi wa kweli atakusumbua mpaka uchoke. Na mpate mtu wa pili hapa hapa mjini anayejua, alishike, maana bei ya Uholanzi na bei ya Kariakoo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sasa naomba unisikilize kwa upole hapa. Umeandika "sikujua ni la thamani". Mistari michache juu yake umeandika ulipolishika ulijua sio la Kichina, na ukakunja uso. Mjomba, mimi sikuhukumu, kukunja uso ndo biashara yenyewe, hata mama mwenyewe alicheka akaongeza hamsini, na hakuna mtu anaenda soko la Karume kununua kiatu huku anatabasamu. Na miaka ulikuwa huijui kweli, namba zilikuwa chini ya rangi, uliziona kwa jasho lako mwenyewe na bisibisi yako. Nakuamini. Ila nadhani kinachokusumbua sio laki tatu na nusu, ni ule uso. Ungekuwa umenunua kwa dalali usingeniandikia. Umenunua kwa mtu aliyekupa vitumbua na kukuita mwanangu, halafu ukamfanyia uso wa dalali. Nitakosea labda. Wewe jiulize tu.

Na kuna kitu umekipita mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. MALI YA. Umesema hukujali sana. Mimi nimejali.

Bendi zetu za dansi enzi zile vyombo havikuwa vya wanamuziki. Vilikuwa vya mwenye bendi, na mwenye bendi mara nyingi alikuwa taasisi. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na baada yake mashirika, jumuiya za vijana, majeshi, wote walikuwa na bendi zao na vyombo vyao. Mwanamuziki akihama bendi anahama na vidole vyake tu, gitaa linabaki. Gitaa la Marekani miaka hiyo ya fedha za kigeni za kutafuta kwa tochi halikuwa kitu cha mpiga besi kununua kwa mshahara wake. Kwa hiyo mtu aliandika MALI YA, mtu akaja akasugua, mtu akapaka rangi ya geti na kukwangua jina. Inawezekana kabisa mzee aliuziwa kihalali bendi ilipokufa, bendi nyingi zilipokufa vyombo viligawanywa au vilichukuliwa badala ya mishahara ambayo haikulipwa. Inawezekana alipewa. Inawezekana pia halikuwa lake, na mjane hajui, au anajua. Simsemi marehemu vibaya, Mungu amrehemu. Nasema tu kwamba wewe unajiuliza kama umemdhulumu mama, na mimi najiuliza kama hadithi ya hili gitaa inaanza uvunguni Magomeni au mbali zaidi. Anayeweza kukwambia ni yule mama, na anachokuomba ni dakika tano.

Magitaa ya besi yana tabia hii, sijui kwa nini. Ile besi ya Höfner ya Paul McCartney, yule wa Beatles, iliibiwa kwenye gari London mwaka 1972, ikaja kukutwa kwenye dari ya nyumba ya watu, imerudi kwa mwenyewe ikatangazwa Februari 2024. Zaidi ya miaka hamsini imepotea, ikaibuka darini, na lenu uvunguni. Hilo nimelitia kwa sababu limenifurahisha tu, turudi.

Unasema ukimwambia ukweli atataka ulirudishe. Umejuaje? Mama aliyetaka gitaa lake angesema nirudishie, huyu kila akipiga anauliza linalia. Mimi nikisoma nasikia mtu anayetaka kujua alichokiacha mumewe hakijafa. Labda ukimwambia lina thamani atafurahi kwanza, atakwambia "mzee alikuwa ananiambia nisiliuze rahisi", atanyamaza, ndo mtaanza kuongea. Labda atakuchukia. Labda atakwambia lile ni lako, ila mjukuu anaenda bweni mwezi wa saba. Hayo yote ni majibu tofauti na lile moja ulilolibeba kichwani ukamjibia yeye.

Hofu ya watoto wake hiyo ina miguu, sikufichi. Kama mzee alikuwa Mwislamu na ameacha watoto, fungu la mke kwenye mirathi ni thumni, moja ya nane, na lililobaki lina wenyewe. Je, kulikuwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Watoto walijua gitaa linauzwa? Au mama aliuza kitu cha uvunguni kama wanavyouza wamama wote, kabati, redio, cherehani, bila mtu kuuliza? Mimi sio mwanasheria, na ukitaka hilo kwa uhakika kuna wasaidizi wa kisheria wanaosikiliza bure. Lakini angalia usije ukaingiza mada ya mamilioni kwenye familia ya watu halafu ukamwachia mama moto sebuleni. Ndo maana kama utaamua kusema, namna ya kusema ina uzito. Kumwambia yeye peke yake, kwa utulivu, na bila namba ambayo wewe mwenyewe hujaihakiki, ni tofauti na kumpigia simu ukiwa stoo kwamba mama gitaa lako ni milioni tano. Ukimpa namba hiyo halafu Mholanzi akayeyuka, umempa nini?

Njia nyingine ipo ambayo watu wengi huichukua, ya kumpunguzia mama kidogo kidogo bila kusema. Unamlipia mjukuu godoro na trunka la bweni, unasema ni zawadi. Ni wema, na mtoto atalala kwenye godoro kweli. Ila nikikuangalia wewe ulivyo, mtu aliyeshindwa kutupa nyuzi chakavu, naona kila akikushukuru utaumia zaidi ya sasa. Labda nakosea. Kuna watu wanaweza kuishi na hilo vizuri kabisa na mimi siwacheki.

Ukiliuza kimya kimya, mabati yanapanda, na hilo sio jambo dogo, nalisema bila kejeli. Nyumba ya lenta ikinyeshewa mwaka wa tatu hata tofali linaanza kukuuliza. Hatari yake umeitaja mwenyewe, simu ya Magomeni itaendelea kuita, na siku moja utabidi useme gitaa liko wapi.

Halafu mke wako. Umeandika hana moyo wa muziki. Mjomba, huyu mwanamke amekaa na wewe toka ile ya Kichina yenye freti za ngazi, amepita Yamaha, Ibanez, na hizo tatu nne ambazo hata mimi umenificha, ameishi na harufu ya waya unaochomwa jikoni. Ulimdanganya bei, akakuta mesej, akasema sentensi moja. Mtu asiye na moyo hasemi sentensi moja. Nina wasiwasi hajawahi kuambiwa kile ulichoniambia mimi, kwamba mwalimu wa kwaya aligeuka. Anajua tu magitaa yanaingia na kutoka na hela zinapungua. Kwake hili la saba au la nane lina tofauti gani na yaliyotangulia, kama yote uliapa ndo lenyewe halafu ukauza? Sisemi ukimwambia ataacha mabati. Anaweza akasikiliza mpaka mwisho, akakwambia nimeelewa, na bado mabati ni milioni nne. Lakini hapo mtakuwa wawili mnaolitazama gitaa moja, sasa hivi kila mtu anatazama la kwake. Na ile laki mbili uliyoificha, itaje wewe kabla haijatajwa, imekaa hapo kama uzi uliopanda.

Swali la mwisho ni lako na vidole vyako, na rafiki yangu fundi ndo kanituma nikuulize. Hiyo sauti iliyomgeuza mwalimu, ni ya mwaka 1973, au ni ya shingo uliyoinyoosha vizuri, nyuzi mpya, na mtu aliyepiga siku hiyo akiamini ameshika kitu? Yeye anasema mbao na pikapu zina sehemu yao, lakini ameona watu wanauza besi za kawaida tu waliozizoea, wananunua jina, halafu wanarudi kuitafuta ile ya mwanzo. James Jamerson, yule aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alikuwa na Precision ya 1962 ambayo anasifika kwamba nyuzi alikuwa habadilishi ovyo. Iliibiwa muda mfupi kabla hajafariki 1983. Nyimbo zote zile alikuwa ameshazipiga. Jaribu kazi moja ndogo, azima gitaa la mwenzako Jumamosi moja, lipange vizuri kama ulivyolipanga hili, lipige pale baa. Ukirudi nyumbani usiku utajua unang'ang'ania nini. Kama jibu ni lile lile, sawa, basi angalau unajua unachomwomba mama Junia akusubirie.

Sikupi uamuzi, mjomba, na sio kwa kukwepa. Mimi sijakaa kwenye kochi la yule mama wala sijalala chini ya paa la kupanga la Tabata na watoto wawili. Ila nikiangalia vitu vyote hivi, mahakama, Uholanzi, mabati, MALI YA, hakuna hata kimoja kinachokuzuia kwenda kupiga zile dakika tano. Unaogopa kumwangalia usoni, naelewa. Mwenye besi huwa anaangalia vidole vyake.

Na rafiki yangu anasema, hizo nyuzi nyeusi ulizoweka kwenye kopo la maziwa, kama hazijakatika, siku ya kwenda Magomeni zirudishe. Mpya zina mlio wa kung'aa ambao yule mama hajawahi kuusikia kwa mumewe. Zipanguse kwa kitambaa kikavu tu, usizioshe.

Anko